Nanoteknolojia na saratani: wanasayansi wakikutana, wanabishania nini?

Mkutano wa wanasayansi wa saratani ukimalizika Boston au Lisbon, kinachofika Nairobi mara nyingi ni kichwa cha habari tu: chembe za dhahabu zimeyeyusha uvimbe, vidude vidogo kuliko seli vimeanza kuisaka saratani mwilini. Mtu ambaye mama yake amelazwa anakituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kabla ya jioni shangazi ameshauliza dawa hiyo inapatikana wapi na ni pesa ngapi. Swali la shangazi ni la haki kabisa, na linastahili jibu lenye uzito.

Ugumu ni kwamba jibu si moja. Baadhi ya tiba hizi za nano, yaani za chembe ndogo kupindukia, ziko mahospitalini tayari, na ya kwanza iliidhinishwa mwaka 1995. Nyingine zimewaponya panya peke yao. Nyingine zilifika kwa binadamu zikaanguka. Mkutanoni zote hukaa ukumbi mmoja na kuzungumziwa kwa msamiati mmoja, na mwandishi asipokuwa makini hutoka humo akiwa amezichanganya. Kwa hivyo nianze na mikutano yenyewe, maana wengi hudhani wanasayansi hukutana kutangaza walichokwisha kukithibitisha. Sivyo.

Miezi kadhaa kabla ya mkutano, mtafiti hutuma muhtasari mfupi wa kazi yake. Kamati huusoma na kuamua nani atapanda jukwaani na nani atapewa ubao wa kubandika bango. Walio wengi hupewa ubao. Kazi nyingi zinazoonyeshwa hivyo hazijachapishwa katika jarida lolote, na data zake kamili hazijapekuliwa na mtu asiyehusika nazo. Bango huletwa ili lipigwe maswali. Mwenyewe husimama kando yake, na yeyote anayepita ana ruhusa ya kumbana.

Bango la kawaida la fani hii utalitambua ukiwa mbali. Kushoto kuna picha ya kijivu ya hadubini ya elektroni, ikionyesha chembe za mviringo zilizolingana ukubwa. Katikati kuna grafu: mstari wa panya wasiotibiwa unapanda, wa waliotibiwa umelala chini. Kulia kuna picha za panya, wenye uvimbe na wasio nao. Mtafiti mzoefu akifika hapo hashangilii mstari uliolala. Anainama kusoma maandishi madogo chini ya grafu, aone kila kundi lilikuwa na panya wangapi. Halafu anauliza kuhusu grafu ambayo haikubandikwa: katika dawa mliyodunga, kiasi gani kiliishia kwenye ini?

Swali hilo la ini ndilo lililobeba mabishano karibu yote ya fani hii, na ili kulielewa ni lazima kwanza tujue chembe hizi zina ukubwa gani.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000 hivi, na chembechembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban 7,000. Chembe zinazoundwa kubeba dawa za saratani huwa za kati ya nanomita 10 na 200. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Chembe ikiwa ndogo mno, chini ya nanomita 6 hivi, figo huichuja na kuitoa kwenye mkojo kabla haijafanya kazi. Ikiwa kubwa mno, ini na wengu huikamata. Mwundaji anatafuta chembe itakayozunguka kwenye damu muda wa kutosha kuufikia uvimbe.

Mfano bora zaidi uko kwenye dripu. Wagonjwa wengi waliopitia kemo wanaijua doksorubisini kwa rangi: ni ile dawa nyekundu, ambayo hata mkojo wa siku hiyo hutoka na wekundu wake. Inaua seli za saratani vizuri, lakini inaumiza misuli ya moyo, kiasi kwamba daktari hujumlisha dozi zote ambazo mgonjwa amewahi kupewa maishani na kuna kikomo asichokivuka. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, yaani doksorubisini ileile iliyofungiwa ndani ya vipovu vya mafuta vya nanomita 100 hivi, vikavikwa utando wa polima ili seli za kinga zisivitambue haraka. Dawa sasa ikaweza kuzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa, na moyo ukapata nafuu kubwa. Lakini ikazuka shida nyingine: ngozi ya viganja na nyayo huiva, huwaka, hata hubambuka. Kwa anayefua nguo za watu kwa mikono, au anayetembea kutoka Kibera hadi Industrial Area kila asubuhi, hilo si dogo. Kuifungia dawa ndani ya chembe hakufuti madhara. Kunayahamisha, na daktari hana budi kupima kama uhamisho huo una faida kwa huyu aliyeketi mbele yake.

Na Doxil iliidhinishwa kwanza kwa ugonjwa gani? Kwa sarkoma ya Kaposi ya watu wenye UKIMWI. Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Sarkoma ya Kaposi, yenye madoa ya zambarau au meusi kwenye ngozi na wakati mwingine ndani ya mapafu, ni saratani ambayo Afrika Mashariki imeijua kwa machungu. Basi miaka mingi baadaye watafiti walifanya jaribio kubwa kutafuta kemo inayofaa kwa ugonjwa huo ukiwa umekomaa, katika nchi za kipato kidogo na cha kati, wagonjwa wa Kenya wakiwemo. Doxil haikuwa miongoni mwa dawa zilizoshindanishwa. Ni ghali, na katika nchi nyingi za aina hiyo haipatikani. Zililinganishwa kemo za kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa paklitakseli ya kawaida, ikitolewa pamoja na ARV, ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Utafiti huo nauheshimu sana, kwa sababu uliwapa madaktari wetu jibu wanaloweza kulitumia kesho asubuhi. Lakini inauma kwamba dawa ya kwanza ya nano ya saratani iliidhinishwa kwa ugonjwa uliojaa kwetu, na robo karne baadaye bado tulikuwa tunatafuta mbadala wake.

Bei si kikwazo pekee. Chembe hizi ni ngumu kuzitengeneza kwa usawa, kundi baada ya kundi. Kiwanda cha Ohio kilichokuwa kikitengeneza Doxil kiliposimama mwaka 2011, hata Wamarekani walikosa dawa, na mwaka 2012 serikali yao ikaruhusu toleo la India liingizwe.

Sasa turudi kwenye ini. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walieleza jambo lililobeba matumaini ya fani hii kwa miongo. Uvimbe wa saratani hukua kwa pupa, na mishipa yake ya damu hujengwa kwa pupa hiyohiyo, kama bomba la maji la mtaani lililoungwa usiku, ambalo huvuja kila kiungo. Chembe ya nano ni kubwa mno kupenya ukuta wa mshipa wenye afya, lakini hupita kwenye nyufa za mshipa wa uvimbe. Na kwa kuwa uvimbe hauna njia nzuri za kutoa majimaji, kilichoingia hubaki. Kwa panya ilionekana hivyo, tena waziwazi.

Tatizo ni kwamba uvimbe wa panya wa maabara hupandikizwa, ukakua kwa wiki chache hadi kuwa sehemu kubwa ya uzito wake. Uvimbe kwenye titi la mama wa miaka 50 umekua kwa miaka. Una makovu, una sehemu zilizokufa, una shinikizo ndani, na mishipa yake huvuja hapa isivuje pale. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama, likapiga hesabu. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7: katika kila chembe 1,000 zilizodungwa, 7 ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Kati ya zilizobaki, nyingi hukamatwa na ini na wengu. Mwaka 2020 kundi hilohilo likaongeza kwamba nyufa zenyewe kwenye mishipa ni chache, na kwamba chembe nyingi zinazoingia hubebwa na seli za ukuta wa mshipa, hazivuji tu. Yaani hata ile nadharia ya kuvuja ikatiwa shaka.

Mkutanoni, hapa watu hugawanyika. Wapo wanaosema asilimia 0.7 ni hukumu, na kwamba fani imetumia pesa nyingi kutengeneza dawa za ini. Wengine hujibu kuwa kemo ya kawaida nayo hufika kwenye uvimbe kwa kiasi kidogo tu, na kwamba kipimo cha haki ni mgonjwa: ameishi zaidi? Ameumia kidogo kuliko angeumia kwa dawa ya zamani?

Mimi naegemea upande wa pili, na sababu yangu ni Abraxane. Paklitakseli haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ile ya kawaida huyeyushwa kwenye kimiminika kinachotokana na mafuta ya mbarika, ambacho huweza kuleta mzio mkali. Mgonjwa hupewa steroidi kwanza, kisha kwa dozi nyingi hukaa kwenye dripu kwa saa 3. Abraxane, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa saratani ya matiti iliyosambaa, huibeba dawa hiyo kwenye albumini, protini ya kawaida ya damu, katika chembe za nanomita 130 hivi. Mafuta hayapo tena. Dripu huchukua nusu saa. Hakuna roboti wala mwujiza hapo, lakini mwulize muuguzi wa kliniki ya kemo mwenye viti 10 na wagonjwa 30 kama saa mbili na nusu ni kitu kidogo.

Wengine walipaa wakaanguka. Kampuni ya Marekani ya BIND Therapeutics iliunda chembe zenye kiungo cha kushika protini iliyo kwa wingi kwenye seli za saratani ya tezi dume. Wazo hilo la kuilenga seli yenyewe lilisifiwa sana. Kwa wagonjwa matokeo hayakufikia matarajio, na mwaka 2016 kampuni ikaomba kulindwa kama iliyofilisika. Kulenga ni kuzuri, lakini kiungo cha kushika hakina kazi ikiwa chembe haikufika karibu na cha kushikwa.

Nikiulizwa ni wapi nanoteknolojia itamfaa mkazi wa Nairobi mapema zaidi, sitaonyesha dawa. Nitaonyesha vipimo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya kuwa zaidi ya 44,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 29,000. Wagonjwa wengi hufika kwa daktari wa saratani ugonjwa ukiwa umeshapiga hatua, baada ya kuzungushwa na dawa za vidonda vya tumbo au za maumivu ya mgongo. Kwa mtu wa namna hiyo hata dawa bora huchelewa.

Na teknolojia yenyewe tunayo mikononi. Ile mistari ya kipimo cha mimba kinachouzwa katika kila duka la dawa, au ya kipimo cha malaria cha kutoboa kidole, kwa kawaida huchorwa na chembe za dhahabu za nanomita 40 hivi. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ai kimanjano. Hunyonya mwanga wa kijani, ikaonekana nyekundu. Kila chembe imevikwa kingamwili inayoshika kitu kimoja mahsusi. Majimaji yakipanda kwenye karatasi huzibeba, nazo zikikwama kwa wingi mahali pamoja, jicho linaona mstari. Hakuna umeme, hakuna maabara, na jibu hutoka dakika chache baadaye.

Kwa nini basi hakuna kijiti kama hicho cha saratani? Kwa sababu mimba ina homoni yake inayopanda haraka, na malaria ina protini ya kijidudu ambayo mtu mzima wa afya hana. Saratani ni seli zetu wenyewe zilizopotoka, na viashiria vyake vingi hupatikana pia kwa watu wazima wa afya. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa tezi iliyotanuka kwa uzee au yenye maambukizi. Tena ugonjwa ukiwa mchanga, kiashiria kwenye damu huwa kidogo kupindukia. Chembe za nano zinasaidia sana kwenye hili la pili, kwa kuona kilicho kidogo. La kwanza haziliondoi.

Tufanye hesabu ya kukisia tu, maana hapa ndipo vichwa vya habari hudanganya zaidi. Chukua watu 10,000 wa mtaa mmoja, na tuseme 20 kati yao wana saratani fulani. Kipimo chetu kinawanasa wote 20, na kwa wazima hukosea mara moja tu katika kila 100. Kwenye gazeti kitaitwa sahihi kwa asilimia 99. Lakini wazima ni 9,980, na asilimia moja yao ni karibu 100. Siku hiyo watu 120 wataambiwa wana dalili za saratani, na 100 kati yao hawana. Wote watahitaji picha na biopsi, yaani kukatwa kipande cha nyama kikapimwe, na watapanga foleni moja na wale 20 wanaoumwa kweli. Ndiyo maana mikutanoni anayeleta kipimo kipya haulizwi tu kinanasa wangapi. Anaulizwa kinawatisha bure wangapi, na nani atalipia biopsi zao.

Kuna kifaa kingine cha nano ambacho ningependa kukiona kikijadiliwa zaidi Nairobi, na kinatumia chuma. Mama mwenye saratani ya matiti akifanyiwa upasuaji, daktari anataka kujua kama ugonjwa umefika kwenye tezi za limfu za kwapani. Kuzitoa zote huweza kumwachia mkono uliovimba maisha yake yote. Njia bora ni kuitafuta ile tezi ambayo limfu ya titi hupitia kwanza na kuipima hiyo. Kwa kawaida hutafutwa kwa rangi ya bluu pamoja na teknesi yenye mionzi, ambayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 6 na inahitaji kitengo cha tiba ya nyuklia. Chembe za nano za oksidi ya chuma, ambazo Marekani iliziidhinisha kwa kazi hii mwaka 2018, hudungwa hata siku kadhaa kabla ya upasuaji, na daktari huifuata tezi kwa kifaa kinachohisi sumaku. Zina kasoro: huacha doa la kahawia kwenye ngozi na zinaweza kuvuruga picha za MRI baadaye. Lakini fikiria hospitali ya kaunti yenye daktari mpasuaji hodari na isiyo na kitengo cha nyuklia. Kwake hiki ni kitu cha kufikiria leo, kuliko roboti ya mwaka ujao.

Kuhusu chanjo nitasema machache. Waliochanjwa Moderna au Pfizer wakati wa korona walidungwa chembe za nano za mafuta zilizobeba mRNA, yaani maelekezo yanayoiambia seli itengeneze protini gani. Chembe za aina hiyo sasa zinajaribiwa dhidi ya saratani: katika jaribio la watu 157 waliofanyiwa upasuaji wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa chanjo iliyotengenezwa kwa kufuata uvimbe wa kila mgonjwa, pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili, ilipunguza hatari ya ugonjwa kurudi au kifo kwa takriban asilimia 44 kuliko dawa hiyo peke yake. Ni habari kubwa, na majaribio makubwa zaidi yanafuata. Lakini kumtengenezea kila mtu chanjo yake kunahitaji maabara na viwanda maalumu, na mpango wa Moderna wa kujenga kiwanda cha mRNA hapa Kenya, uliotangazwa mwaka 2022, ulisimamishwa mwaka 2024. Wakati huohuo, chanjo ya kirusi cha HPV inayotolewa kwa wasichana nchini tangu Oktoba 2019, ikianzia na wa miaka 10, imeundwa kwa maganda ya protini ya nanomita 50 hadi 60, yasiyo na kirusi ndani. Ni chembe ya nano kwa kipimo chochote, inazuia saratani ya mlango wa kizazi, na ni bure. Mzazi anayesubiri teknolojia ya kesho huku binti yake hajachanjwa ameiruka iliyo mlangoni.

Mikutano ya Afrika kuhusu saratani ipo. AORTIC, shirika la utafiti na mafunzo ya saratani barani, lilikutana Kigali mwaka 2017, Maputo mwaka 2019 na Dakar mwaka 2023, na hapa Kenya chama cha madaktari wa damu na saratani, KESHO, huwa na kongamano lake la kila mwaka. Humo nano haitawali mazungumzo. Wanazungumza juu ya wanapatholojia wachache, mashine za mionzi, mofini, na mgonjwa aliyekatiza kemo kwa kukosa nauli. Mtu anaweza kuona ni mazungumzo ya nyuma ya wakati. Mimi naona ndiyo hasa yanayokosekana kwenye ile mikutano mikubwa ya nano. Chembe inayohitaji friji isiyozimika, au kipimo kinachohitaji mtaalamu ambaye yuko mjini tu, vingeulizwa maswali mengine kabisa kama Mkenya angekuwepo mbele ya bango. Ada za kushiriki hulipwa kwa dola, viza huchelewa au kunyimwa, na mara nyingi hayupo.

Kwa familia zilizo kwenye vita hivi sasa hivi, jambo la mwisho. Neno nano limekuwa tamu kibiashara, na mwenye mgonjwa hakosi kuletewa maji, unga au vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo. Jaribio halali la dawa nchini lazima liwe na kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu na cha kamati ya maadili ya utafiti. Mgonjwa huelezwa kwa lugha anayoielewa, hutia saini fomu ya ridhaa, ana haki ya kujitoa wakati wowote, na kwa kawaida halipishwi dawa inayojaribiwa. Omba uonyeshwe vibali hivyo. Visipokuwepo, pesa hizo zitamfaa mgonjwa zaidi zikilipia biopsi ambayo haijafanywa.